Shene ya Vijana Inahamia Intaneti Tu? Fanyeni Hivi Mbele Izime

Basi umeona ile maandishi inapita chini ya ekra: kuanzia tarehe fulani shene haitapatikana tena ku televizyo, mutufuate ku intaneti. Batoto banalia, mukubwa anasema si iko ku telefoni, shida iko wapi sasa, na wewe mwenye unalipa forfe, kile kifurushi cha intaneti, mu hii nyumba unaanza kupiga hesabu kimyakimya. Nimepitia hiyo, mu parseli yetu ku Katuba, hapa Lubumbashi, na nilikosea karibu kila mahali pa kukosea, kwa hiyo nakuandikia yenye ningependa muntu aniambie mapema.

Uelewe kwanza hii. Shene ikiwa ku antena ao ku dekoda, barabara ya kufika mu nyumba yako inalipwa pale mbali, na bantu kumi bakikaa mbele ya televizyo moja ama akikaa mmoja, bei haibadiliki. Ikihamia intaneti, barabara unalipa wewe, kwa mega, na kila telefoni inalipa ya kwake. Batoto batatu, kila mmoja mu kona yake na telefoni yake, kipindi kilekile kimoja, umelipa mara tatu. Mengine yote nitasema hapa chini yanatoka mu hiyo.

Dekoda usiuzishe. Nasema hivi juu nimeona bantu bameuzisha wiki ileile. Hii mambo ya shene za vijana kusukumwa ku intaneti haikuanza leo: kule Uingereza kulikuwa BBC Three, ya bantu wa miaka 16 mpaka 34, wakaizima ku televizyo tarehe 16 Februari 2016 ikabaki intaneti tu, sababu BBC ilikuwa inatafuta pa kukata feza, bajeti ya ile shene ikashuka toka pauni milioni 85 hivi mpaka karibu 30. Zaidi ya bantu 300,000 walitia sahihi kukataa, hakuna kilichobadilika. Halafu tarehe 1 Februari 2022, miaka sita kasoro wiki mbili, shene ileile ikarudi ku televizyo! Na Ufaransa kuna France 4, shene ya batoto na vijana, serikali ilitangaza mwaka 2018 kwamba itatoka ku antena iende intaneti, ikafika 2020 korona ikafunga masomo, France 4 ikaanza kupitisha masomo kwa batoto wenye walikuwa wamefungiwa mu nyumba, wakasogeza tarehe, na Mei 2021 wakasema basi inabaki. Hata kule, mahali intaneti iko karibu kila nyumba, siku ya shida televizyo njo walirudia. Kwa hiyo acha dekoda mahali iko, na kila miezi mitatu minne hivi uiambie itafute shene upya, haikuombi kitu.

Sasa kazi ya kufanya wakati shene ingali hewani, usingojee siku ya mwisho. Fungua ile saiti ao aplikasio yao na SIM yako wewe, hapa, na ucheze video moja kwa dakika mbili. Kufungua ukurasa tu haitoshi, ucheze video. Juu kuna zenye zinakuonyesha picha nzuri na majina yote ya vipindi, ukigusa tu inasema haipatikani mu inchi yako. BBC Three ilipohamia intaneti iliingia mu iPlayer, saiti na aplikasio ya video ya BBC, na iPlayer inafungukia Uingereza tu, muntu wa hapa anabaki kuangalia mulango. Ikiwa yako inafunga hivyo, ujue mapema, na utafute kama wana ukurasa wa YouTube ao Facebook wenye wanaweka vipindi vizima, si vipande vya dakika moja. Na jina la ule ukurasa ulichukue toka ku ekra ya televizyo yenyewe wakati wanalitaja, uandike ku karatasi, piga picha, sijui, lakini usilitafute kwa kukisia. Wiki ya kwanza baada ya kuzima kunatokea kurasa za bandia kama uyoga, logo ileile, rangi ileile, zinakuomba utume feza ku telefoni ili ujiandikishe ao zinaomba ile kode yenye imefika mu SMS. Ile kode usimupe muntu. Hata akiwa anakuita yaya.

Tuje ku mega, hapa njo niliumia.

Usiku wa kwanza nilinunua forfe ya masaa 24, nikakaa na mudogo wangu ku dirisha la upande wa barabara juu pale njo rezo, mtandao wa telefoni, inashika vizuri, tukaweka telefoni ku ukingo, imeegemea kopo la maziwa. Kipindi kikaanza. Picha ilikuwa safi ajabu, unaona mpaka jasho ku paji la uso la muimbaji, mudogo anasema ona, ni nzuri kushinda televizyo. Dakika arobaini, SMS: forfe yako imekwisha. Nilifikiri wameniibia, nikapiga simu kwa hasira, kumbe kalite ya video, yaani ukali wa picha, ilikuwa ku otomatiki, na usiku rezo ikiwa nyepesi yenyewe inapanda mpaka juu kabisa, na nyuma yake telefoni ilikuwa inajisasishia aplikasio zake zote kama iko ku sikukuu.

Hesabu yenyewe iko hivi, kwa makadirio: saa moja ya video ku kalite ya 360 inakula kama mega 300, ku 480 inaenda karibu 500 mpaka 700, ukipanda HD inaanza giga moja na nusu na inaweza kufika tatu. Kwa ekra ya telefoni 360 inatosha, usidanganywe. Kwa televizyo ya inchi 32 ukiwa umekaa mbali kidogo, 480 iko sawa kabisa. Kwa hiyo ingia mu mipangilio ya ile aplikasio, toa otomatiki, weka 360 ao 480 wewe mwenyewe, halafu zima ile kitu ya kucheza video ingine peke yake hii ikiisha. Hiyo ya pili bantu banaisahau: muntu analala, telefoni inaendelea kuangalia peke yake mpaka asubuhi. Na ku telefoni yenyewe, kataza aplikasio kujisasisha na mega za SIM.

Kisha uache kuangalia moja kwa moja, upakue kwanza, yenye kwetu tunaita kutelesharje. Faida yake si mega, mega ni zilezile, faida ni kwamba unalipa mara moja na munaangalia mara tano, tena unaweza kupakua saa ya usiku mukubwa kama operateri yako ana forfe ya usiku ya bei ya chini, uulize. Mimi naweka saa ya kuamusha saa saba usiku, nawasha, nagusa vipindi vinne vya wiki, nalala. Asubuhi viko. Usingizi unakatika, ndiyo, lakini franga inabaki.

Kuna kitu kimoja lazima nikifafanue juu kinachanganya bantu: video ukipakua ndani ya aplikasio, inabaki ndani ya ile aplikasio. Huwezi kuitoa uiweke ku kle, ile flash ya USB, huwezi kumutumia jirani, na iko na muda wake, ukikaa sana bila koneksio inakataa kufunguka mpaka uwashe tena. Zingine shene zinakuruhusu kupakua faili kabisa toka ku saiti yao, hizo ni zawadi, weka ku kle. Na wale vijana wa ku barabara wenye banajaza filamu ku kle kwa franga kidogo... kila muntu na dhamiri yake, mimi nasema tu kwamba shene ikihama halafu hakuna mwenye anaangalia kwa njia yao, wanahesabu kwamba hakuna muntu, na mwaka unaofuata kipindi chenu kinakatwa.

Kuifikisha ku televizyo. Ikiwa ni faili ku kle: uitengeneze (formati) kle mu FAT32, ni namna ya kupanga faili ndani ya kle, juu televizyo nyingi za zamani zinasoma hiyo, ila FAT32 haipokei faili inapita giga 4, haikuhusu sana ukibaki 480. Faili iwe MP4 ya kawaida, ile imebanwa kwa namna ya zamani, H.264. Siku moja nilileta kle, batoto wa parseli yote wamekaa chini, hata mama mwenye anapanga nyumba ya nyuma alileta kiti chake, nikachomeka, televizyo ikaandika kwamba hii format haijulikani. Kelele gani ile! Faili ilikuwa H.265, namna mpya ya kubana video, picha nzuri lakini televizyo yetu ni ya zamani. Toka siku hiyo najaribu mchana, peke yangu, mulango umefungwa.

Ikiwa video iko ndani ya aplikasio, basi unatupa ekra ya telefoni ku televizyo, yaani yenye iko ku telefoni inaonekana ku televizyo. Kama televizyo iko na Miracast, njia ya kutuma picha bila waya, telefoni nyingi za Android zinaungana nayo moja kwa moja bila intaneti yoyote, bantu wengi hawajui, banafikiri wifi lazima iwe na mega. Kama haina, kuna kable ya HDMI, lakini usinunue mbele ya kujaribu na telefoni yako palepale ku mulango wa duka, si kila tundu la USB-C linatoa picha. Muuzaji atakuapia kwamba linatoa. Ujaribu. Zingine aplikasio pia zinakataa kutupwa, ekra inakuwa nyeusi na sauti inasikika, ukiona hivyo si kosa lako.

Umeme ukikatika, na utakatika, telefoni moja yenye ekra kubwa ku meza, na spika ndogo ya betri pembeni.

Sasa yenye mimi naona ni kubwa kuliko kable na kle. Shene ilikuwa inawapa saa. Ijumaa saa mbili usiku kila muntu alijua, bukari inapikwa mapema, mudogo anaoga bila kutumwa. Intaneti haina saa, kipindi kiko siku zote, na kitu chenye kiko siku zote kinaangaliwa kesho. Wiki mbili za kwanza kila mmoja aliangalia kivyake, mwenye ameona anasimulia mwisho, wengine banakasirika, mega zinakwisha mara tatu. Tukaamua: Ijumaa saa mbili, palepale, hakuna kuangalia mbele. Tukafanya likelemba ya forfe, mchango wa kupokezana, nyumba nne za parseli, kila wiki nyumba moja inalipa, telefoni yangu inapakua, televizyo ni ya muzee wa mbele juu yake njo kubwa. Andikeni zamu ku karatasi mubandike ku mulango, la sivyo wiki ya tatu kila muntu anakumbuka kwamba ilikuwa ya mwenzake.

Ijumaa iliyopita zamu ilikuwa ya nyumba ya nyuma, forfe haikununuliwa, tukarudilia kipindi cha wiki ingine. Batoto walijua maneno yote, walikuwa banasema mbele ya waigizaji. Muzee tu njo alicheka mahali pote kama mara ya kwanza, juu wiki ile ingine alikuwa amelala.