Namna ya Kuielewa na Kuitumia Misemo ya Kiingereza Inayotokana na Viungo vya Chakula

Niliwahi kupewa tafsiri niipitie kabla haijachapishwa, na katikati ya ukurasa nikakutana na sentensi iliyosema kwamba wajumbe "waliipokea ripoti ile kwa chembe ya chumvi". Mfasiri alikuwa ameyaona maneno "with a grain of salt" akayavusha kama yalivyo. Tatizo ni kwamba Kiswahili tayari kina chumvi yake katika mazungumzo: kutia chumvi ni kuzidisha habari, na msomaji wa sentensi ile angeweza kudhani kwamba wajumbe ndio walioikuza ripoti, ilhali Kiingereza kilisema kwamba hawakuiamini yote. Tuliandika upya kwamba wajumbe waliipokea ripoti kwa tahadhari. Chumvi ikatoweka, maana ikabaki.

Kwa hiyo, kabla ya kukariri msemo wowote wa aina hii, jiulize kiungo kilichotajwa kinafanya kazi gani ndani yake. Usijiulize kwanza kiungo hicho kinaitwaje kwa Kiswahili, kwa sababu jina utalipata katika kamusi yoyote, lakini kazi ndiyo inayobeba maana, na kiungo kimoja huweza kufanya kazi nne zisizofanana.

Chumvi ndiyo inayolithibitisha jambo hili kuliko kiungo kingine chochote. Katika "salt away" chumvi inahifadhi: nyama na samaki walitiwa chumvi wasioze, na kutokana na hilo msemo ukawa na maana ya kuweka akiba ya fedha, mara nyingi kimya kimya. Katika "rub salt into the wound" chumvi inachoma, na hapa Kiswahili hakihitaji msaada, kwa kuwa tunasema kutia chumvi kwenye kidonda, au kukitonesha. Katika "an old salt" chumvi ni ya bahari, na anayetajwa ni baharia mkongwe. Uwe mwangalifu hapo, kwa kuwa sisi humwambia mzee yeyote kwamba amekula chumvi nyingi, tukimaanisha miaka aliyoishi. Mkulima aliyekula chumvi nyingi hawezi kuitwa "an old salt" hata awe na miaka 90, kama hajawahi kufanya kazi melini.

Kazi ya nne ni ya thamani na heshima. Katika karamu za wakubwa wa Ulaya ya zama za kati, chombo cha chumvi kiliwekwa mezani mahali pa wazi, wageni wa heshima wakakaa upande wa mwenyeji na watu wa hali ya chini wakakaa ng'ambo ya chombo hicho. Ndiyo maana "below the salt" humtaja mtu wa daraja la chini. "The salt of the earth" umetoka katika Injili ya Mathayo, sura ya 5, aya ya 13, ambako wanafunzi wanaitwa chumvi ya dunia. Anayeifahamu aya hiyo hudhani kwamba msemo huu unamsifu kiongozi au mhubiri mwenye ushawishi, ilhali katika Kiingereza cha leo unamsifu mtu wa kawaida, mwaminifu, asiye na makuu, anayetegemewa na jirani zake. Usiutumie kumsifu mheshimiwa jukwaani.

"Worth one's salt" unahitaji uangalifu wa namna nyingine, kwa sababu umezungukwa na hadithi inayorudiwa kila mahali kwamba askari wa Roma walilipwa mshahara wao kwa chumvi. Ni kweli kwamba neno la Kilatini "salarium", lililozaa neno la Kiingereza la mshahara, lina uhusiano na "sal", yaani chumvi. Lakini hakuna maandishi ya kale yanayoonyesha askari wakipokea chumvi badala ya fedha, na msemo wenyewe ulienea katika Kiingereza katika karne ya 19 tu. Ukifundisha, fundisha matumizi yake na uiache hadithi hiyo. Msemo huu hukaa nyuma ya jina la kazi: "any teacher worth her salt", yaani mwalimu yeyote anayeijua kazi yake. Kiwakilishi hubadilika kumfuata mtu anayetajwa. Neno la mwisho halibadiliki.

Nirudi kwenye chembe iliyotuanzisha. Waingereza husema "a pinch of salt" na Wamarekani "a grain of salt". Zote mbili ni sahihi, ila usizichanganye katika andiko moja. Asili yake hutafutwa kwa Plinius Mkubwa, mwandishi wa Kirumi wa karne ya kwanza, aliyeeleza dawa ya kukinga sumu ya mfalme Mithridates: kokwa 2 kavu za jozi, tini 2 na majani 20 ya mmea uitwao ruta, vikapondwa pamoja na kuongezwa punje moja ya chumvi. Kwake chumvi hiyo ilikuwa chumvi kweli, na maana ya shaka ilikuja baadaye sana. Picha hiyo husaidia kukumbuka: habari ni sumu inayowezekana, na msikilizaji anaimeza pamoja na kinga yake. Kitenzi chake ni "take", na kinachotiliwa shaka hukaa katikati: "take his promises with a pinch of salt". Shaka ikizidi, husemwa "a large pinch of salt".

Pilipili manga nayo imewakosesha wengi, hasa wanaofasiri mikataba. "Peppercorn rent" si kodi ya pilipili. Ni kodi ya jina tu, inayotozwa ili mkataba uwe na malipo ya pande zote mbili kama sheria ya Kiingereza inavyotaka, ingawa mwenye mali hatarajii faida. Mfano wake ulio hai uko Bermuda, ambako chama cha Wamasoni (Freemasons) wa mji wa St. George's hulipa punje moja ya pilipili manga kwa mwaka kwa jengo la kale liitwalo Old State House, desturi iliyoanza mwaka 1816. Kazi ya pilipili hapa ni udogo wake, wala si ukali wala bei. Ukali na wingi wa punje huonekana kwingine, katika "pepper someone with questions", yaani kummiminia mtu maswali.

Tangawizi huchangamsha. "Ginger up" ni kuitia kasi shughuli iliyolegea, na asili yake si ya kupendeza: wachuuzi wa farasi walimwekea mnyama tangawizi chini ya mkia ili aonekane mchangamfu mbele ya mnunuzi. Kutokana nayo tuna "ginger group", kikundi kilichomo ndani ya chama kinachowasukuma wenzake. Wabunge wa Kanada waliojitenga na wenzao mwaka 1924 walijulikana kwa jina hilo. Haradali ni ukali wa akili na ari: "keen as mustard" ni mwenye hamu kubwa ya kufanya kazi. "Cut the mustard", ulio wa Kimarekani, ni kufikia kiwango kinachotakiwa, na karibu daima utausikia katika ukanushi. Vanila hushangaza, kwa kuwa ni kiungo ghali ambacho katika "plain vanilla" humaanisha kitu cha kawaida kisicho na nyongeza. Na "nutmeg", yaani kungumanga, kwa wanasoka ni kupitisha mpira katikati ya miguu ya mpinzani, na wapenzi wa mpira wanaijua kwa jina la tobo.

Methali zifasiri kwa methali panapowezekana, hata kiungo kikipotea. "What's sauce for the goose is sauce for the gander" hudai kwamba kinachomfaa mmoja kimfae na mwenzake. Sisi humsuta mwenye upendeleo kwa kusema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. "You catch more flies with honey than with vinegar" hukutana na maneno mazuri humtoa nyoka pangoni, na mimi huona nyoka wetu ana nguvu kuliko nzi wao. Lakini "hunger is the best sauce", ambayo Cicero alimnasibisha nayo Sokrate, isifasiriwe kwa mwenye njaa hana miiko: ya kwanza inasifu utamu wa chakula kwa mwenye njaa, ya pili inaeleza mtu anayevunja mwiko kwa dhiki. Hapo eleza maana kwa maneno ya kawaida.

"Variety is the spice of life", iliyopata umaarufu kutoka kwa shairi la William Cowper la mwaka 1785, imetumika mno hata ikapoteza ladha; ielewe unapoisoma, lakini iepuke unapoandika.

Katika daftari lako, andika kila msemo ndani ya sentensi nzima, pamoja na kitenzi chake na aina ya mtu anayeambiwa, kisha ufasiri sentensi hiyo bila kutaja kiungo. Anza na hii: "Any editor worth her salt would have taken that story with a pinch of salt." Chumvi ya kwanza ni thamani, ya pili ni shaka, na mwandishi mzuri wa Kiingereza asingeziweka pamoja, kwa zoezi, hata hivyo, zinafaa. Kwa Kiswahili: mhariri yeyote anayeijua kazi yake asingeiamini yote habari ile.