Mchezo wa kuokoa Noeli: namna ya kuujenga kwa jukwaa la Lubumbashi

Mwongozo huu ni wa vikundi vya vijana wa parokia, shule na mitaa wanaotaka mchezo wa dakika 35, wenye wachezaji 7 pamoja na waimbaji wa korali, wa kuchezwa siku za mwisho kabla ya Noeli. Anzeni wiki ya pili ya Novemba, mazoezi mawili kwa wiki, saa mbili kila zoezi. Yatakuwa kama 12. Mkifanya chini ya 8, wachezaji watakuwa bado wanatafuta pa kusimama siku watu wamejaa ukumbini.

Hadithi za aina hii zimekulia nchi za kaskazini, ambako 25 Desemba huangukia kwenye baridi kali na siku fupi. Ndiyo maana zimejaa dhoruba ya theluji, bomba la moshi, Baba Noeli mgonjwa, zawadi zilizoibwa. Msivichukue vitu hivyo. Chukueni kazi vinayofanya. Theluji hufunga njia, na hukusanya chini ya paa moja watu ambao wangependa kukwepana. Kwetu Desemba ni mvua. Barabara ya udongo ya Katuba, mtaa wa Lubumbashi, ikishajaa maji hufanya kazi zote mbili, na hakuna mtazamaji wa kuelezewa. Mkitandaza pamba jukwaani iwe theluji, mashujaa wenu watakuwa wageni mbele ya mama zao.

Hatua ya 1: Chagueni kitu kimoja cha kushikika

"Noeli iko hatarini" haichezeki. Padre au mchungaji naye atauliza, tena ana haki: Noeli itaharibikaje, na Yesu alishazaliwa? Kinachoharibika ni sherehe ya watu fulani, mahali fulani, usiku mmoja. Jazeni sentensi hii: "Bila ____, watu wa ____ hawataweza ____ usiku wa tarehe 24." Kama kitu cha nafasi ya kwanza hakibebeki mikononi, tafuteni kingine.

Mfano tutakaofuata hadi mwisho: bila nguo 24 za kitenge, korali ya Katuba haitaweza kuingia pamoja kwenye misa ya usiku.

Mtu atasema, "Si waimbe na nguo zao za kila siku?" Pingamizi hilo ni zuri kuliko mnavyodhani. Mpeni nyanya mmoja alitamke dakika ya 8, na wote wamkatalie kwa sababu kila familia ilichanga kununua kitambaa. Mtalihitaji tena mwishoni.

Hatua ya 2: Mpeni mharibifu haki yake

Mwizi anayechukia Noeli bila sababu huchekesha kwa dakika tano, kisha hana kazi. Kwetu mharibifu ni fundi cherehani. Ameshakata vitambaa vyote 24, halafu tarehe 22 anafunga mlango. Sababu: nguo za Pasaka alizishona 24, kila moja franka 10.000, jumla 240.000. Alipewa 100.000. Franka 140.000 hazijafika mpaka leo, na rais wa korali anajua.

Hesabu hiyo isemwe kwa sauti, na mtoto aiandike kwa chaki. Watazamaji wataipiga pamoja naye, na ikifika 140.000 ukumbi utamgeukia rais wa korali wenyewe. Deni lisitajwe kabla ya dakika ya 18. Likijulikana mapema, mashujaa wataonekana wajinga kwa kutokwenda kulipa tu.

Hatua ya 3: Saa ionekane

Chukueni katoni yenye upana wa sentimita 60 na urefu wa 80, mbandike karatasi nyeupe tatu: 22, 23, 24. Tarakimu ziwe nyeusi, na urefu wake usipungue sentimita 30, ili benchi la mwisho lizione. Mtoto mdogo kuliko wote anachana karatasi kila siku inapokwisha. Asiseme neno. Kuchana kwenyewe kunatosha, hasa ile ya 23.

Hatua ya 4: Majaribio matatu, kila moja liharibu zaidi

Hapa ndipo mchezo unapoishi, na ndipo vikundi vingi vinapokimbia. Gawanyeni muda hivi: dakika 5 za kuonyesha korali ikiwa na furaha, 4 za mlango kufungwa, 13 za majaribio, 7 za uamuzi, 6 za usiku wa misa. Msipunguze zile 5 za mwanzo: mtu hawezi kulilia kitu ambacho hakukiona kikiwa kizima.

Mashujaa ni watatu: binti wa miaka 12, mdogo wake wa kiume, na mlinzi mzee wa parokia. Mlinzi yupo kwa sababu watoto peke yao wakitembea usiku, wazazi ukumbini wataacha kufuata hadithi na kuanza kuhangaika.

Jaribio la kwanza ni kuomba. Liwe fupi, kwa adabu zote:

"Papa fundi, tunaomba nguo ya korali."
"Nguo iko. Feza iko wapi?"
"Feza gani, papa?"
"Uliza wakubwa yako."

Mlango unafungwa. Watoto hawajaelewa, watazamaji wameanza kunusa jambo.

Jaribio la pili ni hila. Mdogo mtu anaingia kwa dirisha, anabeba furushi, mvua inamkuta njiani, furushi linaanguka kwenye tope. Sasa mashujaa wana kosa lao wenyewe, na fundi ana haki mara mbili. Msiruke jaribio hili hata muda ukibana. Bila kosa hili watoto watakuwa wanahubiria wakubwa, na mchezo utageuka somo.

Jaribio la tatu ni kurudi. Wanamrudishia fundi furushi chafu na kuomba msamaha. Yeye hasemi kitu. Anafungua daftari lake na kumpa binti asome.

Hatua ya 5: Wokovu ugharimu

Katika hadithi za kaskazini, mara nyingi mashujaa ndio wanaomwokoa Baba Noeli. Wanaoiga haraka hugeuza: Baba Noeli anaingia dakika ya mwisho na mfuko, mambo yanakwisha. Ndugu yake wa hapa ni mjomba wa Ulaya anayetuma pesa kwa simu. Wote wawili wakatazwe. Pesa ikianguka kutoka juu, kila kitu kilichotangulia kimekuwa bure.

Kwenye mfano wetu rais wa korali anakiri mbele ya wote, na hiyo ndiyo gharama kubwa. Mchezaji wake anyamaze pumzi tatu kabla ya kusema, kisha aseme sentensi moja, bila kulia. Familia zinachanga, mama mmoja anatoa pesa ya kuku. Vitambaa vinafuliwa na kukaushwa kwa pasi ya makaa.

Halafu kazi, na hapa hesabu tena. Vyerehani vinne vya kuazima na kimoja cha fundi ni vitano. Nguo iliyokwisha kukatwa inachukua saa tatu kushonwa. Kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku ni saa kumi na mbili, kwa hiyo kila cherehani kinatoa nguo 4. Jumla 20. Zinapungua 4. Msizitafute hizo nne! Kila kitu kikirudi kama kilivyokuwa, watazamaji watajua kwamba hatari haikuwa ya kweli.

Hatua ya 6: Maneno

Lubumbashi ina shule yake ya kazi hii. Kikundi cha Mufwankolo kilijenga michezo yake kwa Kiswahili cha mji bila kuandika mazungumzo: wachezaji walikubaliana mpangilio wa matukio, wakaujadili, kisha kila mmoja akatafuta maneno yake katika mazoezi. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliufuatilia utaratibu huo mwaka 1986, walipokuwa wakitengeneza mchezo juu ya methali isemayo kwamba mamlaka huliwa mazima. Fanyeni vivyo hivyo. Andikeni matukio kwenye ukurasa mmoja, sentensi moja kwa kila tukio. Mazoezi manne ya kwanza, kila mtu atafute maneno. La tano, kubalianeni yale yasiyobadilika: franka 140.000, tarehe, neno la nyanya na sentensi ya kukiri. Mengine yaacheni huru. Mtoto aliyekariri ukurasa mzima akisahau neno moja husimama kimya. Aliyejua tukio huendelea.

Hatua ya 7: Mvua, umeme, sauti

Mvua halisi ikipiga mabati ya ukumbi, hakuna mdomo utakaosikika. Andaeni wimbo mmoja wa ngoma unaoweza kuingizwa popote, na mfanye zoezi moja zima bila maneno, kwa ishara tu. Mvua ya mchezo ifanyeni kwa viganja viwili vya mahindi makavu yanayotembezwa juu ya kipande cha bati. Msimwage maji jukwaani, waya za maikrofoni ziko pale.

Umeme nao: onyesho la kushona lichezwe kwa taa mbili za kuchaji tangu zoezi la kwanza, ili ukikatika usiku huo pasiwe na tofauti. Jenereta iwekwe nyuma ya ukuta, mbali na madirisha ya ukumbi, kwa ajili ya moshi na kelele.

Mwisho wa mchezo, waimbaji 24 wanapanga mistari mitatu ya wanane. Wanne wasio na nguo mpya wasifichwe nyuma. Wawekeni mstari wa mbele, katikati. Nyanya wa dakika ya 8 anawatazama kutoka pembeni, na yeye ndiye anayeanza wimbo.