Filta ya oili imekataa kufunguka: ninavyoitoa bila kuharibu injini

Msimu wa korosho ukifunguliwa, kuanzia Oktoba hivi, gereji yetu hapa Mtwara mjini hujaa Noah na Canter zinazoshuka kutoka Newala na Tandahimba. Zimekula vumbi miezi, oili haijamwagwa tangu mwenyewe asipokumbuka, na filta imeshika utadhani imechomelewa. Hizo hazinisumbui. Inayonisumbua ni ile iliyokwisha kupigwapigwa nyumbani, inafika imebonyea kama kopo la maziwa lililokanyagwa. Kwa hiyo soma kabla hujashika nyundo.

Filta ninayoizungumzia ni ile ya kopo la bati, inayofungwa kwenye injini kwa kuzungushwa. Mara nyingi ikikwama, mkosaji ni fundi wa mwisho: aliikaza kwa spana, au aliifunga raba ikiwa kavu. Raba kavu hupikwa na joto la injini mpaka ikagandana na chuma. Magari yanayolala karibu na bahari, Shangani au kule Mikindani, huongezewa na kutu ya chumvi kwenye ukingo wa bati.

Hatua ya 1: pasha injini kidogo. Washa dakika tatu mpaka tano, zima. Oili ikiwa vuguvugu hushuka vizuri na raba hulainika. Usitoke safari ya Masasi ukaingia chini ya gari papo hapo: oili ya hivyo inababua, na bomba la ekzosi huwa jirani kabisa na mkono wako.

Hatua ya 2: gari likae salama. Uwanja tambarare, hendibreki juu, jiwe au gogo nyuma ya tairi. Ukiinua kwa jeki, weka stendi kabla ya kuingiza hata bega. Jeki peke yake huzama, hasa kwenye mchanga wetu huu. Ikilazimu, tandika kipande cha ubao mnene chini yake. Kisha fungua nati ya kumwagia oili iliyo chini ya injini, mwaga oili kwenye beseni, urudishe nati.

Hatua ya 3: hakikisha unazungusha upande sahihi. Hapa nakaa kidogo, kwa sababu mimi mwenyewe nilipokuwa kijana wa kushika tochi niliing'ang'ania filta karibu saa nzima, jasho mpaka kisogoni, kumbe naikaza. Filta hufunguka kinyume cha mshale wa saa ukiitazama kwa upande wa kitako chake, ule mwisho ulioziba. Nyingi zimening'inia kitako chini. Ukilala chini ya gari, hakuna tatizo. Lakini ukiinama juu ya boneti na kuiona kutoka juu, mkono wako lazima uende upande ambao macho yanaona ni wa kukaza. Ukichanganyikiwa, chukua chupa ya maji, igeuze kichwa chini ilivyokaa filta, ufungue kifuniko. Mkono ulivyokwenda, ndivyo hivyohivyo.

Hatua ya 4: mkono kwanza. Futa bati kwa kitambaa na petroli kidogo mpaka lisiteleze, uache likauke kabisa. Zungushia kipande cha msasa, upande wa mchanga ukigusa bati, au utepe wa tyubu kuukuu ya baiskeli. Shika kwa mikono miwili, vuta kwa nguvu moja ya taratibu, usidonoedonoe. Nusu ya zile zinazoitwa "zimekwama" hutoka hapa.

Hatua ya 5: spana ya filta. Kama unayo ya mkanda au ya kofia inayolingana na filta yako, vizuri. Sisi tunatumia ya kienyeji: mnyororo wa pikipiki uliochomelewa kwenye bomba la inchi moja. Ukiuzungusha na kuvuta bomba, unajibana wenyewe. Siri ni mahali pa kuufunga. Ufunge juu kabisa, karibu na injini, ambako bati limekunjwa pamoja na sahani nene ya ndani. Katikati ya kopo bati ni jepesi, litajikunja tu na kuzidi kukuchokesha.

Hatua ya 6: bisibisi, ukiwa umeshindwa kabisa. Najua wengi huanzia hapa. Mimi naiweka mwisho, kwani ukishatoboa hakuna kurudi: gari haliwashwi tena mpaka filta mpya ifungwe. Tafuta bisibisi ndefu, ya chuma kigumu. Toboa kutoka ubavu mmoja mpaka wa pili, chini ya sahani kama vidole vitatu. Ukipanda juu zaidi utaipiga skrubu ya katikati inayoshika filta, na nyuzi za skrubu hiyo zikiharibika umejitafutia gharama nyingine. Weka beseni, maana oili iliyobaki ndani itamwagika. Sasa zungusha kwa kuisukuma bisibisi, polepole. Ukiona tundu linapanuka na filta haisogei, acha. Inachanika.

Kuna mzee mmoja alikuja na Noah hali hiyohiyo. Kopo lote limeng'oka, karatasi za ndani zinaning'inia kama utumbo, imebaki sahani tu imeng'ang'ania injini. "Fundi, hapo si mpaka injini ishuke?" Nikamwambia, mzee wangu, kaa kivulini. Sahani ile ina matundu madogo kuzunguka skrubu, ndimo oili inamopita. Ukiingiza ncha za plaizi ya mdomo mrefu kwenye matundu mawili, mara nyingine inageuka. Yake haikugeuka, nikachukua tindo butu, nikaiegemeza kwenye ukingo wa sahani kwa mshazari, nikagonga kidogokidogo kuelekea upande wa kufungua. Kama kugonga ishirini hivi, ikaachia. Angalia tindo isiguse uso wa injini ambapo raba inakaa: ukiukwaruza, filta yoyote utakayofunga itavuja. Na usilete moto wa gesi hapo, kuna oili kila mahali.

Hatua ya 7: kufunga mpya. Pitisha kidole pale raba ilipokuwa. Raba ya zamani hupenda kubaki imenata kwenye injini, na raba mbili zikilaliana oili itaruka kama bomba la maji lililopasuka. Angalia pia skrubu ya katikati kama haikutoka pamoja na filta. Paka raba mpya oili safi kwa kidole. Zungusha kwa mkono mpaka raba iguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko, au ilivyoandikwa kwenye bati lenyewe. Basi. Spana irudi kwenye boksi.

Jaza oili kwa kipimo cha gari lako, washa, tazama taa nyekundu ya oili: izimike ndani ya sekunde chache. Isipozimika, zima injini haraka. Ikizimika, acha injini iungurume dakika mbili, ingia chini na tochi, pitisha kitambaa kikavu kuzunguka filta. Kikitoka kikavu, zima, subiri kama dakika tano, upime kwa stiki. Oili chafu usiimwage mtaroni. Weka kwenye dumu, mafundi seremala watakuja kuiomba wakapake nguzo zisiliwe na mchwa.