Nazi Moja, Mseto na Vibua: Kupika Chakula Bora cha Familia kwa Gharama Nafuu

Katika nyumba nyingi za Unguja na Pemba, hesabu ya chakula cha mchana huanza na mchele, kisha hutazamwa fedha iliyobaki kwa ajili ya kitoweo, na mboga hukumbukwa mwisho iwapo kimesalia kitu. Mpangilio huo ndio unaotugharimu, kwa kuwa sehemu kubwa ya mchele tunaoula huletwa kwa meli kutoka nje na bei yake haimo mikononi mwetu, ilhali mchicha, mtoriro, mchunga, boga na muhogo hutoka mashamba ya karibu. Ni bora hesabu hiyo igeuzwe: mpishi aanze na mboga na vyakula vya jamii ya kunde vilivyopo sokoni siku hiyo, afuatishe kitoweo, na mchele uwe wa kujazia tu.

Anayekwenda Darajani, Mwanakwerekwe au soko la Chake Chake akiwa ameshaamua kununua samaki fulani hununua kwa bei ya muuzaji. Dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza, kwa hiyo mbalamwezi inapokuwa kubwa hupungua na bei hupanda. Na upepo wa kusi unapokaza, mwezi wa sita na wa saba, vyombo vidogo vingi hushindwa kutoka. Siku hizo ni za dagaa wakavu, mbaazi na maharage, wala si za kugombania fungu dogo la changu. Ng'onda, yaani samaki waliokaushwa kwa chumvi, nao hufaa, ila waroweke kwanza na maji yamwagwe, kwani chumvi yao ni nyingi kwa mwenye shinikizo la damu.

Kuhusu vibua na jodari kuna tahadhari moja isiyo ya kupuuzwa. Samaki hawa wakilala juani kwa saa kadhaa hufanya sumu ambayo moto hauiondoi, na aliyewala huweza kuwashwa mwili na kuumwa na kichwa hata kama walipikwa wakaiva vizuri. Wanunue asubuhi, wenye macho maangavu na mashavu mekundu, na ukifika nyumbani wasafishe na uwapike mara moja au uwatie barafuni. Bei ya jioni huvutia, lakini kwa samaki hawa si rahisi kweli.

Sasa tuje jikoni, na mfano wetu uwe mseto wa choroko kwa watu sita. Mseto umedharauliwa bure na kufanywa chakula cha mgonjwa, ilhali choroko zikichanganywa na mchele hujenga mwili vizuri kuliko kimoja peke yake, na mchele unaohitajika huwa mchache. Chukua vikombe viwili vya mchele na kimoja cha choroko, kwa kikombe cha robo lita. Roweka choroko kwa saa mbili ili kuokoa mkaa au gesi, kisha zichemshe kwa vikombe vinne vya maji hadi zianze kupasuka. Usizitoe maganda, kwani ndiyo yenye nyuzinyuzi zinazosaidia choo.

Choroko zikiwa motoni, ikune nazi moja. Mimina juu yake kikombe kimoja cha maji ya vuguvugu, fikicha kwa mkono na ukamue kwa kifumbu au chujio. Hilo ni tui zito, liweke kando. Yarudie machicha kwa vikombe vinne vya maji, upate tui jepesi. Siri ya kutumia nazi moja pale wengine wanapotumia tatu imo katika kutenganisha matui haya mawili: tui jepesi hupika, tui zito huunga ladha mwishoni. Nazi ina mafuta mengi mazito, kwa hiyo kuipunguza ni faida ya mfuko na ya moyo kwa pamoja. Mtu aliyezoea wali wa nazi unaong'ara atanung'unika siku mbili tatu, kisha atanyamaza.

Tia mchele na tui jepesi ndani ya choroko pamoja na maji yake, koroga, funika, na upunguze moto. Mchele ukishalainika na maji kukaribia kukauka, tia nusu ya tui zito na chumvi yenye madini joto, uusonge taratibu kwa mwiko na kuuacha upumue kwa dakika tano juu ya makaa machache. Nusu ya tui iliyobaki ni ya mchicha: kaanga kitunguu kwa kijiko kimoja cha mafuta, tia nyanya, kisha mchicha uliooshwa kabla ya kukatwa, na tui liingie mwisho kabisa, kwani likichemka kwa nguvu hukatika.

Vibua vipikwe chukuchuku, yaani bila nazi wala mafuta: maji kidogo, kitunguu, nyanya, manjano, pilipili isiyokatwa na ndimu, kwa muda usiozidi robo saa. Ndimu haiko hapo kwa ladha peke yake, bali husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika choroko na mchicha. Chai ya rangi hufanya kinyume chake, kwa hiyo icheleweshwe saa moja baada ya kula, hasa kwa mama mjamzito na watoto.

Kama siku hiyo mboga ni kisamvu, kitwangwe vizuri na kichemshwe kwa muda mrefu sufuria ikiwa wazi, ili sumu ya asili iliyomo itoke, na nazi ifuate baadaye.

Mseto ukibaki, usiachwe juu ya meza hadi asubuhi, kwani chakula cha nazi huchacha upesi katika joto letu. Asiye na friji apime kikombe kimoja pungufu, na kiporo cha mwenye friji kichemshwe hadi kitoe mvuke kila upande kabla ya kuliwa.