Somo: Namna ya kupata wateja wanaosubiri andiko la duka lako kila wiki

Nimeulizwa jambo hili mara nyingi mno na wafanyabiashara wenzangu, hata nimeona niliandike mara moja kwa ukamilifu, ili atakayeuliza tena nimwelekeze hapa. Ninauza vifaranga, chakula cha kuku na dawa mjini Morogoro, na kila Alhamisi jioni huwatumia wateja wangu andiko fupi kwa WhatsApp. Nilianza na wasomaji 19. Leo wako 212, na nikichelewa kutuma wapo wanaonipigia kuuliza kama ninaumwa.

Hatua ya 1. Fungua daftari la maswali. Liweke kwenye kaunta, na kila mteja anapouliza jambo, andika swali lake kwa maneno yake mwenyewe kabla hajaondoka, bila kulitengeneza. Mteja hasemi kwamba joto la banda la kulelea limepungua; husema, "Vifaranga wangu wanalia usiku kucha." Maneno hayo ndiyo yawe kichwa cha andiko, kwa maana mwenye vifaranga wanaolia atajua kwamba ni yeye anayeambiwa.

Hatua ya 2. Chagua siku moja na saa moja, na usizibadilishe.

Hatua ya 3. Omba ruhusa, kisha tumia orodha ya matangazo ya WhatsApp (broadcast), ambayo humfikishia kila mtu ujumbe peke yake, wala si kundi. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo naomba pasomwe polepole. Mwaka wa kwanza nilichukua namba za wote waliowahi kunilipa kwa simu, nikawaingiza katika kundi moja bila kumwuliza hata mmoja wao. Siku hiyohiyo watu 30 walijitoa, na hilo ningeweza kulivumilia. Lililoniumiza ni kwamba ndani ya kundi kila mtu huona namba za wenzake, na tapeli aliyekuwamo alizikusanya, akaweka picha ya duka langu, akaanza kuwaandikia wateja mmoja mmoja: "Ile hela ya vifaranga tuma kwenye namba hii, ile nyingine ina matatizo." Mama mmoja wa Kihonda alituma shilingi 85,000, na Jumamosi asubuhi akaja dukani na boksi lake lililotobolewa matundu, tayari kuchukua vifaranga. Nilimpa vifaranga wake wote, kwa sababu aliyeianika namba yake ni mimi.

Basi zingatia haya. Namba iliyoonekana kwenye muamala uliipata ili ulipwe, hukupewa ili umwandikie mtu. Na hapa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka taarifa za mtu zitumike kwa kusudi lililofanya zikusanywe. Mwombe mteja ana kwa ana, na akikubali, ahifadhi namba yako palepale mbele yako, maana ujumbe wa orodha ya matangazo haumfikii mtu ambaye hakuihifadhi. Orodha moja huchukua wapokeaji 256, na wakizidi unafungua nyingine. Mwisho wa kila andiko, waeleze wasomaji kwamba duka halibadilishi namba ya malipo kwa ujumbe, na kwamba atakayeambiwa hivyo apige simu kwanza.

Hatua ya 4. Jibu swali moja tu, na ulijibu hadi liishe. Andiko lililoniletea majibu mengi kuliko yote halikuzidi sentensi tano. Nilieleza kwamba mfugaji asiye na kipimajoto awatazame vifaranga wenyewe: wakilundikana chini ya taa na kulia, wana baridi; wakikimbilia kwenye kingo za banda na kuachama midomo, joto limezidi; wakisambaa kila mahali huku wakila na kunywa, joto linatosha. Niliambatanisha picha moja niliyoipiga bandani kwangu saa tano usiku. Wiki nzima watu walinitumia picha za vifaranga wao wakiuliza kama wamekaa vizuri.

Hatua ya 5. Usiuze ndani ya andiko. Bei na mzigo mpya viweke kwenye stetasi, ambayo hudumu saa 24, na anayetaka kununua ataiangalia mwenyewe.

Hatua ya 6. Jibu kila anayekujibu kabla hujalala.

MASWALI

Muuza vipodozi, Dodoma: Kaka, hujasema unatuma siku gani. Na je, kundi si rahisi zaidi?

Jibu: Siku imo katika aya ya kwanza, na habari ya kundi imo katika hatua ya 3.

Muuza pembejeo, Kilosa: Naomba uniuzie hizo namba 212, tutaelewana bei.

Jibu: Siuzi. Soma tena habari ya mama wa Kihonda.

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi, Mbeya: Ushauri wa hatua ya 5 ni hasara tupu. Usipouza, duka litakula nini?

Jibu: Sikusema usiuze, nilisema usiuze ndani ya andiko, na nililisema hilo baada ya kujaribu. Niliwahi kuweka ofa katika maandiko matatu mfululizo, na watu waliozoea kunijibu wakapungua kutoka 40 hivi hadi 9. Ilinichukua karibu miezi miwili ya kujibu maswali tu mpaka wakarejea. Hao wanaosoma ndio wanaonunua kwangu chakula, kwa sababu mtu hurudi kwa aliyemwokolea vifaranga.

Fundi cherehani, Tanga: Shikamoo kaka. Mimi wateja wangu hawaulizi maswali, wanaleta kitambaa na kuondoka. Niandike nini?

Jibu: Marahaba, dada yangu. Wanakuuliza, ila maswali yao huja kwa sura ya malalamiko. Anayesema "gauni limenibana baada ya kufuliwa" anauliza kwa nini kitambaa cha pamba hurudi, yaani husinyaa, na wewe unaweza kumweleza kwamba kikilowekwa usiku mmoja, kikaanikwa na kupigwa pasi kabla ya kukatwa, kitarudi mapema, kabla ya mkasi. Anayelalamika kwamba kitenge hakikutosha hajui kuwa maua makubwa yakitakiwa yakutane kwenye mshono, kitambaa huhitajika zaidi. Tayari hayo ni maandiko mawili. Andika malalamiko ya mwezi mmoja tu, kisha uniletee tuyatazame pamoja.

Muuza samaki, Mombasa: Huku Kenya nasi tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kwa hiyo ya ruhusa nimeyaelewa. Ila wateja wangu wengine ni wazee ambao macho hayasomi tena. Nifanyeje?

Jibu: Rekodi sauti isiyozidi dakika mbili, umsomee andiko kama unavyoongea naye, na maandishi uyatume pia, kwa kuwa mjukuu atayahifadhi na kuyatafuta baadaye. Nilipoanza kufanya hivyo, wazee ndio waliokuwa wa kwanza kunijibu, nao hujibu kwa sauti.

Mfugaji mdogo, Iringa: Unakumbukaje nani ana kuku wa umri gani, mpaka ujue cha kumwambia?

Jibu: Swali zuri sana. Ninapohifadhi jina la mteja, naongeza tarehe aliyochukua vifaranga na idadi yao. Kwa ratiba inayofuatwa sana hapa kwetu, chanjo ya mdondo hutolewa siku ya 7 na ya gumboro siku ya 14, kwa hiyo siku moja kabla namwandikia peke yake kumkumbusha. Ujumbe huo ni wa mstari mmoja tu, lakini ndio uliofanya wengi waombe kuingizwa kwenye orodha ya Alhamisi.

Mfugaji mdogo, Iringa: Ahsante. Samahani, natoka kidogo nje ya somo: umeme ukikatika, jiko la mkaa linafaa kwa vifaranga?

Jibu: Linafaa, ila liwashie nje mpaka moshi uishe na mkaa wote uwe mwekundu, ndipo uliingize, na uache upenyo wa hewa juu ya ukuta. Hewa ya mkaa huua bila kutoa harufu, vifaranga na mtu pia, hivyo usilale humo bandani. Swali lako nimeliandika kwenye daftari kama ulivyoliuliza, nalo ndilo nitakalojibu Alhamisi hii.