Aina za chai na namna ya kuandaa kila moja

Chai nyeusi, ya kijani, nyeupe na ulongi (kwenye pakiti huandikwa oolong) zote hutoka kwenye mmea mmoja, Camellia sinensis. Tofauti huanza jani likishachumwa. Ndani yake mna vimeng'enya (protini zinazochochea mabadiliko) ambavyo, jani likisokotwa na kupata hewa, hulifanya liwe la kahawia, kama tufaha lililokatwa. Likiachwa ligeuke kabisa ndipo likaushwe, hiyo ni chai nyeusi. Likiwahiwa kwa mvuke au kwa kukaangwa, vimeng'enya huharibika na jani hubaki kijani. Ulongi husimamishwa katikati. Chai nyeupe hunyaushwa na kukaushwa tu. Chai ya pu'er, ya mkoa wa Yunnan, China, huchachushwa na vijidudu, ndiyo maana hunukia udongo mbichi.

Mchaichai, rosela au tangawizi bila majani ya chai si chai hasa, ingawa wote tunaziita hivyo, na hazina kafeini. Hizo zimiminie maji yanayotokota, funika dakika 5 hadi 10, basi.

Kipimo cha kuanzia ni gramu 2 za majani kwa mililita 200 za maji. Kwa majani yaliyosagwa, hicho ni kijiko kimoja cha chai kisicho na kilima. Majani marefu ni mepesi na yana nafasi katikati, kwa hiyo huenda vijiko viwili. Mizani ndogo ya jikoni humaliza ubishi.

Chai nyeusi ndiyo inayosamehe: maji yanayotokota, dakika 2 hadi 3 kwa majani yaliyosagwa, 3 hadi 5 kwa majani marefu. Suuza birika kwa maji moto kwanza, kwa sababu birika baridi hunyonya joto na chai hutoka imepooza.

Ya kijani ndiyo inayoharibiwa na wengi. Inataka nyuzi 70 hadi 80. Huna kipimajoto? Tia mililita 50 za maji ya kawaida kikombeni, ongeza 150 yanayotokota, utapata karibu 80. Hapo ndipo utie majani. Ukiyatanguliza, yataungua kabla maji hayajachanganyika. Chuja baada ya dakika 2. Ulimi ukikauka kama umetafuna ndizi mbichi, ama maji yalikuwa moto mno ama majani yalikaa mno: ukakasi ule ni tanini, kemikali ya asili iliyomo kwenye majani. Sukari hufunika uchungu, ukakasi haiutoi.

Chai nyeupe iache dakika 4 hadi 5 kwenye nyuzi 80 hivi. Ulongi dakika 3 kwenye 90, na usitupe majani, yatafaa mara mbili au tatu zaidi. Pu'er mimina maji yanayotokota, yamwage mara moja, kisha mimina mengine ya kunywa.

Chai ya maziwa haiandaliwi hivyo, inapikwa. Chemsha mililita 250 za maji na kipande cha tangawizi mbichi kilichopondwa, chenye urefu wa kidole gumba, kwa dakika 5. Tia vijiko viwili vya majani yaliyosagwa, dakika 2. Ndipo umimine mililita 250 za maziwa, yaache yapande, punguza moto upesi kabla hayajafurika, kisha yaendelee dakika 2 nyingine na uchuje. Mpangilio huu una sababu: tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachokata protini, na ukiitia kwenye maziwa yanayopata moto polepole, yatakatika mabonge. Kuchemsha kwanza hukiua. Limau nalo lisikaribie maziwa kabisa.

Chai ikiwa nyepesi, ongeza majani, si dakika. Dakika za ziada huleta ukakasi kuliko ladha. Utando unaong'aa juu ya chai ya rangi hutokana na maji yenye chokaa nyingi. Matone machache ya limau huuondoa, ila rangi nayo hufifia.

Ikikosa harufu kabisa hata kwa vipimo sahihi, tazama kopo. Majani hunyonya harufu na unyevu, kwa hiyo yafunikwe barabara, mbali na mwanga, na kamwe yasilale kabati moja na iliki au vitunguu.