Kuupoza mwili wakati wa fukuto la Machi

Kaskazi ikishalegea na kusi haijaingia, Lamu na Malindi hubaki na fukuto. Kipimajoto husoma nyuzi 32 au 33, chini ya 37 za mwili, na bado mbeba mawe huanguka mchana. Kinachomponza ni unyevu wa hewa.

Sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi hupima joto la damu. Likipanda, mishipa ya ngozi hutanuka ili joto litoke nje, kisha jasho hufuata. Jasho hupoza linapokauka tu: lita moja ikikauka yote juu ya ngozi huondoka na kilokalori 580 hivi. Hewa ikijaa unyevu, jasho halikauki upesi, na lile linalodondoka chini ni maji na chumvi vilivyopotea bure.

Kwa hiyo tafuta upepo kabla ya kivuli. Baraza linalopigwa na upepo wa bahari ni bora kuliko kichochoro chenye kivuli kisichopitisha hewa. Lowesha kikoi, kitandaze shingoni na mabegani, ukae hapo hapo upepo unapopita. Fulana ya nailoni iache nyumbani.

Kazini kunywa robo lita kila dakika 15 hadi 20, ila usipite lita moja na nusu kwa saa; maji matupu mengi huzimua chumvi ya damu, na hilo nalo huua. Madafu yana potasiamu nyingi, sodiamu kidogo, basi yasindikize na chakula chenye chumvi. Aliyetoka bara aanze na kazi nyepesi, aongeze kidogo kidogo kwa wiki moja hadi mbili, mpaka mwili uzoee kutoa jasho mapema na lisilo na chumvi nyingi.

Mtu akianza kuropoka, kuyumba au kupata degedege, huenda joto lake limepita nyuzi 40. Usisubiri ngozi ikauke. Wengi huanguka wakiwa wamelowa jasho. Mvue nguo, mmwagie maji mfululizo mkimpepea, na barafu ya wauza samaki iwekeni shingoni, kwapani na kinenani. Panadol haifai kitu hapa, kwani hii si homa. Asiye na fahamu asinyweshwe chochote. Mmoja akimbilie boti au gari la kumpeleka hospitali, wengine waendelee kumwaga maji hata njiani.